Ghala moja, maduka sita: nani aamue duka lipelekewe kiasi gani?

Msambazaji

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninasimamia ghala la bidhaa za nyumbani lililoko Vingunguti, ambalo hulisha maduka yetu sita: matano ya Dar es Salaam, yaani Mbagala, Temeke, Tegeta, Kimara na Gongo la Mboto, na moja la Morogoro mjini. Tunauza vitu vya kila siku kama mafuta ya kula, sukari, unga, sabuni, nepi na biskuti, jumla aina 640 hivi. Tunayo kenta moja na kirikuu moja. Maduka ya Dar es Salaam hupata mzigo Jumatatu na Alhamisi, na Morogoro kila Jumamosi.

Utaratibu wetu umekuwa kwamba kila msimamizi wa duka hutuma oda yake kwa WhatsApp jioni ya kuamkia siku ya mzigo, nasi ghalani tunapakia kinachopatikana. Niliuona utaratibu huo kuwa wa haki, kwa sababu aliye dukani ndiye anayemwona mteja. Lakini wiki mbili zilizopita nilikwenda mwenyewe Tegeta, nikakuta katoni 31 za sabuni ya unga zimepangwa hadi karibu na dari, za ukutani zimelowana kwa mvua iliyopenya dirishani, ilhali siku hiyohiyo Mbagala walikuwa wamenipigia simu mara mbili kwamba wateja wanaondoka kwa kukosa sabuni ileile. Ghalani hapakuwa na hata katoni moja. Mali tulikuwa nayo ya kutosha, ila haikuwa mahali ilipohitajika.

Nilijaribu kukata oda kwa nusu kila bidhaa inapokuwa chache. Matokeo yake ni kwamba oda zilizofuata zilikuja mara mbili ya kawaida.

Ninaomba ushauri wenu. Je, uamuzi uwe wa ghala au wa duka? Na kama ni wa ghala, nitumie hesabu gani bila kununua programu ya gharama kubwa? Mashine zetu za mauzo hutoa ripoti ya kila bidhaa kwa kila siku, na Excel ninaimudu kwa kiasi. Kwa mfano, mafuta ya kula ya lita 1, ambayo katoni yake ina chupa 12, yaliuzwa Mbagala chupa 126 katika siku 10 zilizopita.

Mpangaji wa Mizigo

Ndugu Msambazaji, hilo la oda kurudi zikiwa mara mbili si ukaidi wa wasimamizi wako. Mtu akijua kwamba akiomba 10 atapewa 5, ataomba 20 ili apate 10, na hakuna mwenye akili asiyefanya hivyo. Tatizo hili linajulikana sana katika usambazaji. Kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani iligundua kwamba oda za nepi za Pampers zilikuwa zikipanda na kushuka vibaya sana, ingawa watoto wenyewe hawabadiliki ghafla katika matumizi yao; mwaka 1997 Hau Lee wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walieleza sababu za jambo hilo, na mojawapo ni hiyohiyo ya kugawa kwa kukata oda wakati wa uhaba. Mwendo wenyewe hufananishwa na mjeledi: mkono ukitikisika kidogo, ncha huruka mbali. Ghala lako liko kwenye ncha.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ghala lisisikilize oda bali lisikilize mauzo. Kila duka liwekewe kiwango cha juu kwa kila bidhaa, na kila siku ya mzigo ghala lijazie pale palipopungua hadi kufikia kiwango hicho, basi. Msimamizi wa duka haombi tena, bali anathibitisha hesabu ya kilichopo.

Kiwango chenyewe hupatikana hivi. Kwanza hesabu siku ambazo mzigo mmoja unatakiwa kuvusha. Maduka yako ya Dar es Salaam yana pengo refu la siku 4, kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu, na ukiongeza siku 1 kati ya kufunga hesabu na mzigo kushushwa, unapata siku 5. Mbagala wameuza chupa 126 kwa siku 10, yaani wastani wa 12.6 kwa siku. Mara 5 ni chupa 63. Hiyo ni kwa mauzo ya wastani tu, na ukiishia hapo utaishiwa mara kwa mara, kwa kuwa siku nyingi mauzo huzidi wastani. Ongeza akiba ya tahadhari. Chukua mauzo ya kila siku, mwambie Excel akupe kipimo cha kuyumba kwake kwa fomula ya STDEV, zidisha kwa mzizi wa mraba wa hizo siku 5, ambao ni 2.24 hivi, kisha zidisha kwa 1.65. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayokupa tumaini la kutoishiwa katika mizunguko 95 kati ya 100. Ukitaka uhakika zaidi, namba hupanda na mali ya kulaza rafuni huongezeka. Kwa bidhaa ambayo mteja akiikosa anahama duka, kama mafuta na sukari, hilo linafaa, lakini kwa rangi ya kucha halifai hata kidogo.

Usianze na aina zote 640. Panga bidhaa kwa thamani ya mauzo, chukua 60 za juu, na uzifanyie kazi hizo kwa mwezi mzima. Utakuta zinabeba sehemu kubwa ya fedha yenu.

Mama Leja

Nimefanya kazi ya kutunza stoo na leja kwa miaka mingi, na ninakubaliana na fomula ya ndugu yangu, lakini ninamsihi Msambazaji asiiingize Excel kabla ya kujibu swali moja: katika hizo siku 10 za Mbagala, ni siku ngapi rafu ilikuwa tupu? Ripoti ya mashine haisemi. Inaandika sifuri kwa siku ambayo hakuna aliyetaka mafuta na inaandika sifuri ileile kwa siku ambayo walikuja watu 20 wakayakosa. Ukigawanya kwa 10 wakati siku nyingine hapakuwa na mali, unalipunja duka, nalo litaishiwa tena, na mauzo yatashuka tena, na kiwango chako kitapungua tena. Nimeshuhudia duka zuri likipoteza wateja wa unga kwa njia hiyo, huku makao makuu wakiamini kwamba mtaa ule haupendi unga. Gawanya kwa siku ambazo bidhaa ilikuwepo.

La pili ni hesabu zenyewe. Fomula inatoa kilichopo kutoka kwenye kiwango, sasa kilichopo kikiwa cha uongo, kila kitu kinaharibika. Nicole DeHoratius na Ananth Raman walichunguza rekodi karibu 370,000 za maduka 37 ya kampuni moja ya Marekani, na katika makala yao ya mwaka 2008 walionyesha kwamba asilimia 65 ya rekodi hizo hazikulingana na mali halisi. Hao walikuwa na kompyuta za kila namna. Kwetu mambo ni ya kawaida kabisa: chupa imevunjika, haikuandikwa, mteja amerudisha sabuni ya bluu akapewa ya kijani, mashine haijui, katoni imesainiwa kuwa na 24 ilhali zimo 22. Hatari zaidi ni rekodi inayosema zipo 9 wakati rafu haina hata moja, kwa sababu bidhaa hiyo haitauzwa, na kwa kuwa haiuzwi haitashuka, na kwa kuwa haishuki haitapelekewa mzigo. Inaweza kukaa hivyo miezi.

Dawa yangu ni ndogo. Kila asubuhi kabla ya kufungua, duka lihesabu bidhaa 10 tu: zile ambazo rekodi inasema zimebaki chache, na zile zilizokuwa zikiuzwa kila siku kisha zikanyamaza siku tatu mfululizo. Kuhesabu duka zima mara moja kwa mwaka kunamfaa mkaguzi, lakini hakumsaidii anayepakia kenta.

Na tafadhali, mzigo ulioko njiani uwe na safu yake kwenye jedwali. Katoni ikishatoka ghalani na bado haijapokelewa, isipoandikwa mahali utaituma mara ya pili. Hati ya kupelekea mzigo itoke nakala tatu, ya dereva, ya duka na ya ghala, na rekodi ya duka ipande pale tu mpokeaji anapokuwa amehesabu na kutia saini mbele ya dereva.

Msambazaji

Mama Leja, umenifumbua macho. Nimerudi kwenye picha za kila jioni ambazo Mbagala hutuma, na kweli, kati ya siku zile 10 mafuta hayakuwepo kwa siku 3. Kwa hiyo chupa 126 ziliuzwa kwa siku 7, na wastani ni 18 kwa siku, si 12.6. Nimerudia hesabu: 18 mara 5 ni 90. STDEV ya zile siku 7 imetoka 6, mara 2.24 mara 1.65 inakuwa 22. Kiwango ni chupa 112. Nilipokuwa nikifuata oda zao, kuna wiki nilipeleka katoni 3 na wiki nyingine katoni 14.

Jana Jumatano jioni walihesabu wakapata chupa 41 rafuni, na katoni 2 zilizosahauliwa kwenye mzigo wa Jumatatu zilikuwa bado kwenye kirikuu, yaani chupa 24. Jumla 65. Kufikia 112 zinahitajika 47, nami nimepakia katoni 4, ambazo ni 48. Msimamizi alikuwa ameomba katoni 12, na hakufurahi.

Yamebaki mambo matatu yanayonisumbua. Bidhaa zinazokwenda polepole, kwa mfano mafuta ya nywele ambayo Morogoro huuza chupa 2 kwa wiki na katoni ina 24, nitazipelekaje? Je, hesabu ya Morogoro iwe sawa na ya Dar es Salaam? Na siku ghala lenyewe linapokuwa na mali pungufu, nigawe kwa kanuni gani ikiwa si kukata kila oda kwa nusu?

Mji Kasoro Bahari

Mimi niko upande wa pili wa barabara hii, maana ninasimamia duka mjini Morogoro, ingawa si la kampuni yenu, na ghala letu pia liko Dar es Salaam. Naomba nizungumze kwa niaba ya wasimamizi ambao oda zao zinafutwa.

Kwanza, hesabu ya Morogoro haiwezi kuwa sawa. Ni takriban kilomita 190, mzigo unakuja mara moja kwa wiki, na ukikosea Jumamosi hakuna guta la kuziba pengo Jumanne. Ikiwa mnafunga hesabu Alhamisi jioni ili mzigo ufike Jumamosi, siku za kuvusha ni 7 na 2, yaani 9, ambazo mzizi wake ni 3. Duka linalouza chupa 8 kwa siku, lenye kipimo cha kuyumba cha 4, linahitaji 72 na akiba ya 20, jumla 92. Angalieni: linauza chini ya nusu ya Mbagala lakini kiwango chake kinakaribia kulingana nao. Mtu wa makao makuu asiyejua sababu atasema Morogoro wanalimbikiza.

Katoni ya mafuta ya nywele ya chupa 24 kwa duka linalouza 2 kwa wiki ni mali ya wiki 12. Ivunjeni ghalani. Tengeni meza moja ya kuvunjia katoni, chupa ziingie kwenye kreti za plastiki zenye jina la duka, na kreti zirudi na gari. Ghala letu lilikataa kwa muda mrefu kwa hoja kwamba kazi ya kuli itaongezeka, na kweli iliongezeka, lakini stoo yangu, ambayo haizidi chumba cha kulala, ilipata nafasi ya sukari na unga ambavyo ndivyo vinavyolipa pango. Wakati huohuo waambieni watu wa ghala waangalie tarehe za mwisho wa matumizi: biskuti zilizobakiza miezi miwili ziende kwenye duka linalouza haraka, zisitumwe kwetu zije kutudodea.

Lakini sikubaliani na Mpangaji kwamba ghala lisisikilize oda kabisa. Mashine inajua yaliyopita, haijui kwamba Jumamosi ijayo kuna sherehe mbili kubwa mtaani, wala kwamba mwenye mgahawa aliyenunua chupa 40 kwa mkupuo mwezi uliopita alikuwa na shughuli ya siku moja na hatarudi. Ununuzi kama huo mnapaswa kuuondoa kwenye wastani, na ni sisi tu tunaoweza kuwaambia. Msimamizi apewe ruhusa ya kuongeza au kupunguza, ila aandike sababu, na baada ya wiki mbili iangaliwe kama sababu ilikuwa ya kweli. Mkiwanyang'anya watu kalamu wataacha kuhesabu kwa uangalifu pia, kwa kuwa hawataona faida ya kufanya hivyo.

Mpangaji wa Mizigo

Hoja hiyo ninaikubali, na ninaondoa neno langu la "basi". Marekebisho yenye sababu iliyoandikwa ni jambo zuri, hasa kwa duka la mbali.

Sasa kuhusu mgawo wakati wa uhaba. Msingi usiwe oda wala ukubwa wa duka, bali siku zilizobaki: gawanya kilichopo dukani kwa mauzo ya siku, kisha jaribu kuyasawazisha maduka. Tuseme ghala lina katoni 8 tu za mafuta, yaani chupa 96. Mbagala wana chupa 36 na wanauza 18, kwa hiyo wana siku 2. Tegeta wana chupa 60 na wanauza 6, wana siku 10. Ukigawa nusu kwa nusu, Mbagala wataishiwa kabla ya siku ya tano huku Tegeta wakiwa na mali ya siku 18. Ukiwapa Mbagala zote 96 watafikisha 132, ambazo ni siku 7 na kidogo, bado pungufu ya Tegeta ambao hawakupata kitu. Msimamizi wa Tegeta akilalamika, mwonyeshe hizo namba mbili. Na kwa kuwa anajua kwamba kuomba zaidi hakumpatii zaidi, ataacha kuomba kwa hofu.

Ndiyo maana pia ninakusihi usiyasukumie maduka mali yote inapofika kutoka kwa msambazaji mkuu, hata kama ghala linaonekana kujaa. Maduka yabaki na ya kuvusha hadi safari ijayo, na ya ziada ikae Vingunguti. Mali iliyo ghalani bado inaweza kwenda popote, lakini iliyoshushwa Tegeta ni ya Tegeta, na kuihamishia Mbagala kunagharimu mafuta ya gari, hati nyingine na mikono ya watu. Mauzo ya duka moja yakipanda huku ya jingine yakishuka, akiba ya pamoja huyafidia yote mawili. Kama kuyumba kwa maduka hayo sita hakutegemeani na kila moja lingejitunzia ziada ya chupa 22, jumla ingekuwa 132. Ziada hiyo ikikaa mahali pamoja, kwa uhakika uleule zinatosha chupa 54 hivi. Hapo nazungumzia ziada ya kusubiri msambazaji mkuu, si ile ya rafuni inayovusha siku hizo 5, ambayo lazima ibaki dukani.

Tahadhari ni kwamba nafuu hiyo hutoweka pale maduka yote yanapopanda kwa pamoja. Mwisho wa mwezi mishahara ikitoka, yote hupanda. Mwezi wa Ramadhani sukari, tende na tambi hupanda kila mahali, na hapo wengi hukosea kwa kulinganisha na tarehe zilezile za mwaka uliotangulia, wakati mfungo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka: mwaka 2025 ulianza mwanzoni mwa Machi, na mwaka 2026 ukaangukia wiki ya tatu ya Februari. Linganisha Ramadhani na Ramadhani, usilinganishe Machi na Machi. Vivyo hivyo madaftari ya Januari shule zinapofunguliwa yaondolewe kwenye wastani wa kawaida, la sivyo mwezi Februari utaendelea kuyasukuma.

Msambazaji

Ninawashukuru nyote, na ninaleta mrejesho kama nilivyowaahidi wawili kati yenu kwa ujumbe. Mbagala walipokea zile katoni 4 Alhamisi, pamoja na 2 zilizokuwa kwenye kirikuu. Jumapili jioni walihesabu wakakuta chupa 29, na hakuna siku ambayo mteja alikosa mafuta. Nimepakia katoni 7 kwa ajili ya Jumatatu, kwa kuwa kufikia 112 zilipungua 83. Msimamizi yule aliyekasirika hakuomba nyongeza, ila ameandika kwamba mama lishe watatu wa karibu na stendi wameanza kununua kwake kila asubuhi, na ameomba tuiangalie hesabu yake upya baada ya siku 14. Nimeiandika kwenye safu ya sababu.

Meza ya kuvunjia katoni tumeiweka karibu na mlango wa kupakilia, na kreti za Morogoro zimeondoka Jumamosi kwa mara ya kwanza, zikiwa na mafuta ya nywele chupa 4. Zile katoni za sabuni za Tegeta tumezikagua moja moja: 5 zimeharibika kwa maji, 6 zimebaki palepale Tegeta, na 20 zimehamishiwa Mbagala na Temeke kwa hati. Kwa zile 5 zilizoharibika, Mama Leja, naomba uniambie: nizitoe kwenye rekodi ya duka kama upotevu wa Tegeta, au wa ghala lililozipeleka pasipo na haja?

Mama Leja

Mali iliyosainiwa Tegeta itatoka kwenye rekodi ya Tegeta, kwa sababu rekodi inatakiwa kuonyesha mahali mali ilipokuwa ilipoharibika. Lakini kwenye safu ya sababu andika "ilizidi kiwango", si "mvua" pekee, na mwisho wa mwezi ujumlishe fedha yote iliyoandikwa chini ya maneno hayo mawili kwa maduka yote sita. Dirisha nalo litengenezwe wiki hii, kabla hamjapanga kitu kingine ukutani pale.